Albarracín Wageni Wakishaondoka

Karibu kila anayeusifu mji wa Albarracín ameuona Agosti, au wikendi ya Pasaka, simu mkononi na gari kaliacha kule chini kando ya mto kwa kukosa nafasi ya kuliegesha. Sifa anazotoa ni za haki. Nyumba za rangi ya waridi iliyopauka zimebanana juu ya mwamba, mto Guadalaviar umeuzunguka mwamba huo karibu pande zote, na nyuma ya nyumba ukuta wa ngome unaupanda mlima mpaka kwenye mnara wa Andador, mahali ambapo hapana hata nyumba moja ya kulindwa. Picha haihitaji fundi. Lakini mji wa mlimani haupimwi kwa Agosti. Uendee Januari, siku ya kazi, saa kumi na mbili jioni jua likishazama, uone ni milango mingapi inafunguliwa.

Albarracín uko katika mkoa wa Teruel, jimbo la Aragón, mashariki ya Hispania, kilomita 38 hivi kutoka Teruel mjini. Upo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na wakazi wake wa kudumu ni kama elfu moja tu. Mkoa wenyewe una eneo la karibu kilomita za mraba 14,800, na watu wake hawafiki 140,000. Ukigawa, ni watu tisa kwa kila kilomita ya mraba, na si wachache miongoni mwao wana umri wa kuitwa babu na bibi. Treni ya moja kwa moja kutoka Madrid haipo. Mwaka 1999 wananchi walianzisha vuguvugu wakaliita Teruel Existe, yaani Teruel Ipo, kwa kuwa waliona serikali imesahau kwamba ipo. Watu walicheka jina. Novemba 2019 vuguvugu hilo likapata mbunge mmoja, na Januari iliyofuata Pedro Sánchez aliidhinishwa kuwa waziri mkuu kwa kura 167 dhidi ya 165, kura ya mbunge huyo ikiwa miongoni mwa zile 167. Hapo wanasiasa wa Madrid wakalazimika kuitafuta Teruel kwenye ramani.

Baridi ya huku si ya kusimuliwa kwa mdomo. Calamocha, mji wa mkoa huohuo ulioko uwandani upande wa kaskazini, ulipimwa nyuzi 30 chini ya sifuri tarehe 17 Desemba 1963. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipofika Teruel Desemba 1937, majeshi mawili yalipigana mpaka Februari ndani ya theluji, na askari wengi hawakuangushwa na risasi bali na miguu iliyoganda. Albarracín nao ulikuwa umekwisha kuonja mapigano kiangazi cha mwaka huohuo, ukatekwa na kutekwa tena. Leo baridi haiui mtu, ila inampangia saa za kutoka. Kuna vichochoro ambavyo jua la Januari huvichungulia kwa muda mfupi adhuhuri na kuviacha, na barafu ya asubuhi inabaki pale pale kwenye mawe mpaka kesho. Asiye na viatu vya kushika atembee akishika ukuta.

Ukitaka kujua nyumba zipi zina watu, usihesabu madirisha, tazama moshi. Madirisha yote yanapendeza, yana chuma cha kusukwa na vyungu vya maua vilivyokauka. Bomba la moshi ndilo halidanganyi. Kwenye mtaa mzima utaona moshi mahali pawili, patatu. Nyingine ni nyumba za watu wa Valencia, Zaragoza na Barcelona, zimefungwa tangu Septemba. Hoteli kadhaa zimefunga. Mkahawa wa uwanja wa Plaza Mayor una wazee wanne wanaocheza karata na televisheni ambayo hakuna anayeitazama. Ukiingia wote watageuka, na hapo mgeni aseme “buenas” na aketi, asianze kuuliza saa za kufunguliwa kwa kanisa kuu kabla hajaagiza kitu.

Si kwamba hakuna mgeni kabisa. Wapo vijana wenye magodoro mgongoni. Nje kidogo ya mji kuna msitu wa misonobari uitwao Pinares de Rodeno, na humo mmetapakaa mawe makubwa ya mchanga mwekundu, mengine ukubwa wa nyumba. Wakwea miamba wa Ulaya nzima huja kuyapanda bila kamba, wakitandika magodoro chini ya kuangukia, nao hupenda majira ya baridi hasa: mkono usiotoka jasho hushika vizuri, na jiwe lenye baridi halitelezi. Wanakula kwa bei nafuu, wanalala kwenye magari na vyumba vya bei ya chini, na wanaondoka na vumbi jekundu kwenye suruali. Kuna wenyeji wanaowalalamikia. Mimi nawahesabu miongoni mwa wageni wa maana, kwa sababu wanakuja wakati duka la mkate linahitaji mteja.

Katika msitu huohuo, mwishoni mwa karne ya 19, zilitambuliwa picha zilizochorwa mwambani na watu wa kale: mafahali weupe wa Navazo, wanyama wenye pembe na mistari safi, wamechorwa kwa rangi nyeupe juu ya jiwe jekundu, na wawindaji wenye pinde kati yao. Mwaka 1998 UNESCO iliziweka picha za namna hiyo za upande wa Mediterania ya Hispania katika urithi wa dunia. Leo zimezungushiwa nondo. Kuna mahali ambapo kukwea kumekatazwa kwa ajili yake, na kwa ajili ya ndege wanaotaga mwambani.

Sasa rangi ya mji. Wageni wengi hudhani nyumba zimepakwa. Hazikupakwa, ndiyo rangi ya ukuta wenyewe. Chini ya milima hii kuna jasi iliyochanganyika na udongo wenye kutu ya chuma. Zamani mafundi waliichimba, wakaipanga ndani ya tanuri la mawe, wakaichoma kwa kuni za msitu, kisha wakaitwanga na kuichekecha. Unga uliopatikana ulikuwa wa kila namna ya waridi na wekundu, kutegemea shimo ilikotoka na moto ulivyoshika. Jasi ina tabia moja ambayo fundi wa saruji inamkasirisha: inakauka upesi. Fundi akichanganya ndoo nzima kwa mara moja, nusu itamgandia humo humo. Kwa hiyo anachanganya kidogo, anabandika, anasawazisha kwa mwiko, anarudi kuchanganya tena. Ukipeleka uso karibu na ukuta wa zamani utaona mapande hayo, kila pande na wekundu wake, na mahali pengine vipande vya makaa madogo meusi vilivyoponyoka chekecheke. Karibu na lango la Molina kuna nyumba ya Julianeta, maarufu kwa kuinama kwake; haina pembe hata moja iliyo sawa. Mifupa yake ni boriti, na katikati ya boriti kumejazwa mawe na jasi. Ujenzi huu ni mwepesi, na wepesi ndio uliowawezesha watu kutanua nyumba kadiri zinavyopanda: ghorofa ya chini ina upana kadiri kichochoro kinavyoruhusu, ya kwanza inachomoza kidogo, ya pili inachomoza zaidi, mpaka mapaa ya nyumba mbili zinazotazamana yanakaribia kugusana.

Aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja ataona vichochoro hivi ni vya kwao, ila asiharakishe. Kule wembamba wa njia unatafuta kivuli na upepo. Huku mwamba ulikuwa mdogo na ukuta wa ngome haukuongezwa kila mwaka. Watu wakabanana, na kubanana kukawasaidia pia kupashana joto. Milangoni kuna vyuma vya kubishia hodi vilivyofuliwa kwa umbo la mjusi au joka dogo, kazi ya wahunzi wa hapa, na mtu anaweza kupoteza asubuhi nzima kwa kuvitafuta tu.

Nyumba moja imekataa kufuata wenzake. Ni ya ukoo wa Navarro de Arzuriaga, nayo ni ya samawati. Inasimuliwa kwamba mwenye nyumba alioa mwanamke wa Andalucía, naye mwanamke akashindwa kuishi bila rangi ya kwao, mume akaona ni rahisi kupaka ukuta kuliko kumrudisha. Kweli au si kweli, nyumba ipo, na Andalucía haikuingia kwenye hadithi hii kwa bahati mbaya. Watu wa milima hii na Andalucía wamejuana kwa karne nyingi, kwa sababu ya kondoo.

Majani ya mlimani ni mazuri kiangazi, lakini kuanzia Novemba theluji huyafunika na kondoo hana la kula. Kwa hiyo wachungaji wa Sierra de Albarracín, kutoka vijiji kama Guadalaviar, Griegos, Villar del Cobo na Frías, waliswaga makundi kwenda kusini, mpaka Sierra Morena, upande wa Jaén na Ciudad Real, mwendo wa wiki tatu hadi mwezi. Walipita njia za mifugo zilizolindwa na sheria tangu enzi za kati. Njia kuu ya kifalme ilitakiwa iwe na upana wa vara 90, kama mita 75, na hakuna mkulima aliyeruhusiwa kuilima. Sheria ya mwaka 1995 bado inazitambua njia hizo kuwa mali ya umma. Wanaume wengine, wasio na kondoo, waliteremka pia kwenda kufanya kazi kwenye vinu vya mafuta ya zeituni. Wakakaa huko majira yote ya baridi. Walirudi mwishoni mwa Mei au Juni.

Hili ndilo watu hulisahau wanapolia kwamba milima imebaki mahame. Mahali hapa pamezoea kuachwa. Tangu zamani Januari ilikuwa ya wanawake, watoto na wazee: wao ndio waliochinja nguruwe, wakakausha mapaja kwa chumvi na upepo, wakahifadhi nyama ndani ya mafuta kwenye mitungi, wakapasua kuni, wakazika wafu, na kusubiri. Tofauti ya leo na jana ni moja tu: yule wa jana alijulikana atarudi mwezi gani.

Chakula cha wachungaji hao ndicho kinachouzwa leo mikahawani kama kitu cha fahari, nacho ni mkate mkavu. Kinaitwa migas. Usiku mkate wa siku nyingi hukatwa vipande vyembamba, hunyunyiziwa maji yenye chumvi kidogo, usilowe, na kufunikwa kwa kitambaa mpaka asubuhi. Kitunguu saumu hukaangwa kwa mafuta ya kondoo au ya zeituni, mkate hutiwa, na kuanzia hapo mtu hapumziki: hugeuza, hugeuza, mpaka kila punje imejitenga na nyingine na imekauka kwa nje huku ndani ikiwa laini. Kazi ya kugeuza ni ndefu kuliko anavyodhani aliyekuja kula tu. Wachungaji walikula wamesimama kukizunguka kikaango kimoja cha wote. Kila mmoja na kijiko chake: unasogea, unachota mara moja, unarudi hatua nyuma umpishe mwenzako. Anayechota mara mbili bila kurudi nyuma hakuhitaji kuambiwa neno. Zabibu mbichi zikiwepo, huliwa pamoja na migas.

Manyoya ya kondoo ndiyo yaliyoujenga mji. Lakini kabla ya manyoya kulikuwa na watawala. Jina lenyewe linatokana na Banu Razin, ukoo wa Waberberi Waislamu waliotawala hapa kama wafalme wadogo katika karne ya 11, Ukhalifa wa Córdoba ulipovunjika vipande. Wamurabiti wakawaondoa mwaka 1104. Yapata mwaka 1170 mji ukaingia mikononi mwa Pedro Ruiz de Azagra, bwana wa Navarra, aliyeupata kwa Ibn Mardanish, mtawala Mwislamu wa Murcia ambaye Wakristo walimwita Mfalme Mbwamwitu. Azagra hakumsujudia mfalme wa Castilla wala wa Aragón. Alijiita kibaraka wa Bikira Maria peke yake, njia ya heshima ya kusema hana bwana. Ukoo wake ulidumu na ujanja huo kwa zaidi ya miaka mia moja, mpaka Pedro III wa Aragón alipouzingira mji mwaka 1284 na kuuchukua. Ukuta ule unaopanda mlima bila nyumba unaeleweka ukijua haya: ulikuwa unalinda kilele, ili adui asipate mahali pa kusimama juu ya vichwa vya watu.

Katika jumba la makumbusho la kanisa kuu kuna mazulia ya ukutani ya karne ya 16, yaliyofumwa Brussels, yanayosimulia habari za Gideoni wa kwenye Biblia. Huyu ndiye aliyetandaza ngozi ya kondoo yenye manyoya uwanjani ili ampime Mungu kwa umande. Kwa mji uliokula na kuvaa kwa kondoo, yaliyomo ukutani hayakuhitaji maelezo marefu.

Kisha pesa zikaisha. Pamba ya viwandani ikayashinda manyoya, reli ikapita mbali, na kuanzia miaka ya 1950 vijana wakaenda Barcelona, Valencia na Zaragoza, wasirudi Juni. Kwa kuwa hapakuwa na pesa, hakuna aliyebomoa nyumba ya babu yake ili ajenge ghorofa la saruji. Miji mingi ya Hispania iliyopata neema miaka hiyo sasa inatamani ingekuwa maskini. Mwaka 1961 serikali ikautangaza Albarracín kuwa kumbukumbu ya taifa, na baadaye ikaanzishwa shule ya ufundi, kisha taasisi ya Santa María, ambayo inarekebisha majengo kwa jasi na mbao kama zamani na kuyatumia kwa mikutano, muziki na malazi. Kazi yao inastahili heshima kuliko mazungumzo mengi kuhusu vijiji vinavyokufa: wanampa fundi mshahara Februari.

Majira ya kuchipua huchelewa. Aprili bado mtu ana koti. Lakini usiku wa tarehe 30 Aprili watu hutoka wote, hata baridi ikiwepo, kuimba Los Mayos. Ni nyimbo za kumsifu msichana chini ya roshani yake, zikimtaja kiungo kwa kiungo kuanzia nywele hadi miguu, na zamani vijana wa kiume na wa kike walipangiwa jozi kwa kura. Leo waimbaji ni wa rika zote na msichana anayeimbiwa pengine anafanya kazi Zaragoza na amekuja kwa ajili ya usiku huo. Hakuna tatizo. Ukiweza kuona siku moja tu ya mwaka, hii ndiyo ningekuchagulia, tena ukae mpaka usiku wa manane, maana mapema ni maandalizi tu.

Kiangazi nitakipita haraka. Mchana kuna joto, usiku unahitaji shuka zito, na hilo la usiku linawavuta watu wa Valencia wanaokimbia unyevunyevu wa pwani yao. Agosti wajukuu wa waliohama hujaa, nyumba zilizofungwa hufunguliwa madirisha, na mji hupata sauti za watoto mpaka usiku mwingi. Hao si watalii hata kidogo, wako kwao. Watalii ni wale wa mabasi, wanaopanda saa tano asubuhi na kushuka saa tisa, wamepiga picha nyumba ya Julianeta na kununua nyama ya paja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wa basi hafikishi hata nusu siku. Katikati ya Septemba kuna sherehe za mji, na mafahali hukimbizwa ndani ya Plaza Mayor iliyozibwa kwa mbao. Asiyependa mchezo huo asiende siku hizo, kwa kuwa hakuna kingine kinachofanyika.

Oktoba ni mwezi wa wenyewe. Mipopla ya kando ya mto hugeuka manjano kuanzia majini hadi kileleni, na kwa kuwa mji uko juu yake, unaitazama kwa kuinamisha kichwa. Mvua ikinyesha vizuri Septemba, uyoga wa rangi ya machungwa huchomoza chini ya misonobari, na kila ukoo una mahali pake ambapo hata shemeji haonyeshwi. Jioni, ukiendesha gari kuelekea milima ya Montes Universales, simamisha na uzime injini: kulungu dume wanaunguruma wakigombea majike, sauti nzito inayomfanya mgeni atafute mlango wa gari. Huko juu, katika eneo la Frías, kuna chemchemi ya mto Tajo. Mvua inayoanguka upande mmoja wa mgongo huo hufika Lisbon na bahari ya Atlantiki. Inayoanguka upande wa pili huingia Guadalaviar, hupita chini ya Albarracín, hubadilishwa jina kuwa Turia ikifika Teruel, na kuishia Mediterania, Valencia, kulekule walikoenda vijana.

Halafu inakuja Novemba na kondoo wanaondoka. Wengi siku hizi hupakiwa kwenye malori ya ghorofa na kufika kusini kesho yake. Zimebaki familia chache zinazotembea, na tangu UNESCO ilipouingiza uhamishaji huu wa mifugo wa Hispania kwenye orodha ya urithi mwaka 2023, wapiga picha huwasindikiza kilomita za mwanzo. Katika kijiji cha Guadalaviar kuna makumbusho ya kazi hiyo, na ni afadhali uyaone kabla hujakutana na kundi lenyewe barabarani, ili ujue kwa nini mchungaji hataki ushuke garini kumpiga picha mbwa wake. Zima injini, funga vioo, ngoja. Kundi kubwa huchukua muda kupita, na anayefuata nyuma ya yote, mwenye gari la chakula na wanakondoo wachovu, ndiye anayeweza kukuambia kama njia ya mbele ina theluji.